Fundi Viatu na Picha Zisizo na Vichwa

Mtu akikaa kwenye kigoda miaka thelathini na minane, dunia yake huishia magotini. Ndivyo ilivyokuwa kwa fundi viatu mmoja ambaye majirani walimwita Tazamachini. Kibanda chake, chumba cha mbele cha nyumba yake, kilibanana na duka la kinyozi, ukuta kwa ukuta, na watu wa mtaa walizoea kusema kwamba pale konani mtu hutengenezwa mzima: kichwa kwa kinyozi, miguu kwa fundi, tumbo lijitegemee lenyewe.

Tazamachini hakuwa na kiburi. Salamu zake alizielekeza alikozoea, basi. Mteja akisimama mlangoni, yeye, misumari midogo imejaa midomoni, hutazama viatu kwanza, kisha hujibu, "Salama, mwalimu. Naona cha kulia kimeanza kulika tena." Sura ya mwalimu angeiona siku nyingine, kama angeiona. Wanasema siku moja alipishana barabarani na mwanawe wa kumzaa, akampita kama anayepita mti, kisa kijana alikuwa amevaa viatu vipya. Wapo wanaobisha. Wabishe tu; kijana mwenyewe yu hai na bado amenuna.

Mtu huyu alikuwa na kamera. Aliinunua kwa mpiga picha wa pasipoti aliyestaafu, kamera nzito ya filamu, ya picha thelathini na sita, na ukanda wake wa shingoni ulikuwa umekatika. Fundi akaishonea ukanda mpya wa ngozi ya mkoba, mishono miwili miwili, ukanda ambao ungefungia fahali akalala amefungwa. Lakini hakuwa mpiga picha wa kazi. Harusini aliitwa mara moja tu, na bibi harusi mpaka leo anazo picha kumi na mbili za pindo la gauni lake. Alipiga kwa kujifurahisha, na kilichomfurahisha kilikuwa na miguu minne au mabawa, tena wakati wa likizo.

Likizo yake ilikuwa moja kwa mwaka. Shule zikishafunguliwa, viatu vya wanafunzi vyote vikishatiwa viraka, alifunga kibanda siku tisa, akamchukua mkewe, wakapanda treni mpaka mahali ambapo hawajafika. Mkewe alikuwa mpiga pasi wa mashuka ya hospitali. Alikuwa amekunja mashuka mengi hata ukimpa mkono kumsalimu, unaondoka na hofu kwamba umebaki na mkunjo. Yeye ndiye aliyebeba mfuko wa mikate, karoti na majani.

Mfuko ule haukuwa wa kula. Ulikuwa chambo. Tazamachini alikuwa na namna moja tu ya kupiga picha: analala kifudifudi, kidevu mavumbini, kwa sababu kutoka pale ndipo dunia ilipomkaa sawa machoni. Mkewe husimama kando ya mnyama na kipande cha mkate mkononi, anamwita, "Njoo baba, njoo," ili mnyama ageuze uso. Mnyama anageuka, fundi anabofya, mke anapukuta makombo, wanaendelea na safari. Miaka kumi na tisa hiyo.

Wakirudi, picha zinabandikwa kwenye albamu, na mke ndiye mwenye mwandiko, basi anaandika chini yake maneno anayotajiwa. *Mbuzi akisubiri basi, amechelewa.* *Mbwa wa mapokezi. Anasema vyumba vimejaa.* *Paka wa fundi saa; hana haraka.* *Punda akilifikiria jambo lile.* Waliotazama albamu hiyo walicheka mpaka wakashika mbavu. Mnyama alikuwa katikati, amekaa kama anayelipwa mshahara. Pembeni yake kulikuwa na ukuta, au majani, na jozi ya viatu. Vichwa vya watu havikuwamo. Havikuwahi kuwamo.

Mmoja tu ndiye ambaye hakucheka. Huyo alikuwa dada mkubwa wa mkewe, ambaye wote walimwita Hakimu. Kazi yake ya zamani ilikuwa kusimamia mitihani, na alipostaafu yeye, macho yake hayakustaafu. Kila Jumapili ya kwanza baada ya likizo alikuja na kioo cha kukuzia, akavuta kiti, akafungua albamu kama anayefungua karatasi ya mtuhumiwa.

"Huyu nani?" aliuliza mwaka ule wa punda.

"Punda, dada," akajibu mdogo wake.

"Punda namwona. Wewe uko wapi?"

"Mimi niko pembeni, nimeshika karoti."

"Mhm. Na kwa huyu mbuzi?"

"Nimeshika jani."

Hakimu akashusha kioo. "Mdogo wangu, mimi nimesimamia mitihani miaka ishirini na saba. Mtoto akiniambia jibu liko kichwani, namwambia liandike. Mbuzi hata nyuma ya gereji wapo. Punda wa mchota maji hapa namjua kwa jina. Semeni kweli tu, hakuna atakayewafunga: mnajifungia ndani siku tisa, mapazia mmeshusha, mnakula mayai."

"Dada!"

"Mayai ya kuchemsha. Ya kukaanga tungesikia harufu."

Maneno ya Hakimu hayakuwa na kufuli. Kufikia Jumatano yalikuwa yamefika bombani, Alhamisi yamefika hospitali, chumba cha mashuka. Wanawake waliopiga pasi pamoja na mke wa fundi walimpokea kwa heshima zote: "Karibu kutoka safari, mwenzetu. Mayai ya huko yalikuwaje?" Akacheka nao. Mwaka wa pili akacheka kidogo. Mwaka wa tatu hakucheka, akapiga pasi shuka moja mpaka likawa na rangi ya chai.

Kwa hiyo mwaka wa ishirini, asubuhi ya kuondoka, mume anapachika filamu, mke alikuja akasimama mbele yake na kofia mpya mkononi, kofia pana yenye utepe wa manjano.

"Fundi."

"Naam, bibie." Macho yalikuwa kwenye filamu.

"Hiyo ina picha ngapi?"

"Thelathini na sita."

"Thelathini na tano ni za wanyama wako, siwaonei wivu. Moja ni yangu. Yenye kichwa." Akajigonga paji la uso kwa kidole. "Kichwa hiki hapa, kikiwa juu ya shingo, na nyuma yake kitu ambacho mtaani kwetu hakipo. Tukirudi bila hiyo, kamera inakwenda kwa kinyozi. Yeye angalau anajua kichwa kinapatikana upande gani."

"Kwa kinyozi!"

"Redio ilikwenda wapi?"

Tazamachini akafunga mgongo wa kamera. Redio ilikwenda kwa mlinzi wa shule, kwa sababu ndogo kuliko hiyo, na kila jioni aliisikia ikiimba ng'ambo ya barabara kwa sauti ile ile.

Wakapanda treni. Nia ya fundi ilikuwa njema. Na nia njema haikosekani mpaka atokee ng'ombe. Stesheni ya kwanza tu, ng'ombe mmoja alikuwa ameingiza kichwa dirishani mwa posta kama anayeulizia barua yake. Picha tatu. Karani akatoka kumfukuza, ng'ombe akamtazama kama anayetaka kumwona mkubwa wake. Picha ya nne. Mji wa pili palikuwa na nyani aliyempora mgeni miwani. Wapunguza-chumvi watakuambia aliitafuna; waliokuwapo wanasema aliivaa, akakaa juu ya ukuta, akafungua gazeti na kulisoma mpaka ukurasa wa michezo, kisha akatikisa kichwa. Picha sita, na ya sita fundi alilala kwenye dimbwi.

Kila jua likishuka mke aliuliza swali moja, huku akimpangusa matope kolani.

"Zimebaki ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Mhm."

Kesho yake, "Zimebaki ngapi?"

"Kumi na moja. Lakini yule bata mzinga, mke wangu, ulimwona alivyo—"

"Nilimwona. Nilikuwa nimemshikia mkate."

Siku ya nane, mwisho wa njia, walifikia nyumba ya wageni iliyokuwa kando ya ziwa. Ziwa lenyewe lilikuwa pana, la buluu, na nyuma yake mlima. Hakuna mtu mwenye akili ambaye angesema liko nyuma ya gereji. Zilikuwa zimebaki picha mbili. Mke akavaa kofia, akavaa viatu vyake vya hudhurungi, vile ambavyo mumewe alivipasua pembeni kwa wembe, akavishonea kipande cha ngozi laini, kwa ajili ya kidole chake gumba kinachouma. Akasimama ukingoni mwa maji.

"Niko tayari," akasema.

Nyumba ile ilikuwa na mabata bukini kumi na wanane, na dume lao alijiona ndiye meneja. Yeye ndiye aliyekagua mizigo ya wageni na ndiye aliyeamua nani apite wapi. Kuona mwanamke amesimama ukingoni mwake bila ruhusa, akaita wafanyakazi wote. Wakaja kwa mstari, shingo mbele, wakamzunguka mama wa watu miguuni kama mkutano wa dharura. Mke akatoa mkate, maana mkono una mazoea yake.

Fundi alikwisha lala chini kabla hajajua. Picha ya thelathini na tano.

"Fundi!" mke akapiga kelele. "Simama! Simama kama binadamu!"

Akasimama. Magoti yakalia, mhudumu akatoka jikoni akidhani kuna kilichovunjika. Miaka ishirini ya kupiga picha, hakuwahi kupiga moja akiwa wima, na kutoka kule juu kila kitu kilionekana kimekwenda mbali. Akaweka jicho. Akatafuta viatu, akaviona, akatulia. Kutoka hapo angepanda taratibu mpaka kichwani. Alikuwa amefika magotini pale meneja alipomzunguka kwa nyuma na kumng'ata makalio.

Fundi akaruka. Kamera ikaruka naye. Kidole kikabofya.

Mke alicheka mpaka kofia ikataka kuanguka majini. Aliamini picha imetoka. Fundi, amejishika nyuma, hakucheka, kwa sababu alijua miguu ya mkewe imemponyoka.

Wiki moja baadaye akaenda studio kuchukua picha. Alirudi nazo moja kwa moja kibandani, akazichambua kama anavyochambua ngozi: nzuri ndani ya bahasha, zenye kasoro ndani ya kopo chini ya kigoda. Kopo hilo lilikuwa na kazi yake. Karatasi ya picha ni ngumu, hainywi jasho, haikunjiki ovyo. Kwa kukazia soli ya ndani inalishinda boksi mara tatu. Kila picha iliyotikisika au kuingia giza, fundi aliikata kwa mfano wa unyayo, akaipaka gundi, akaifunika kwa ngozi. Nusu ya mtaa ilikuwa ikitembea juu ya mbuzi wenye ukungu na haina habari.

Akafika kwenye ya thelathini na sita. Akaitazama. Mwanamke mwenye kofia, amekatwa kifuani. Viatu hakuna. Bata hata mmoja hakuna. Fundi akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli, kama mtu aliyekata ngozi nzuri upande usio wake, akaitia koponi. Kisha akachukua ile ya thelathini na tano, akaitazama muda mrefu, akatabasamu. Hapo alikuwapo mkewe, waziwazi kabisa. Akaamini ameokoka.

Jumapili Hakimu akaja, kioo mkononi. Siku hiyo alikuwa pia amefunga viatu vyake vyeusi kwenye gazeti, kwa sababu soli ya ndani ya kushoto ilikuwa imezama kama godoro la nyumba ya wageni. "Utanitengenezea, shemeji," akasema, akaviweka mlangoni. "Haya. Mtihani uanze."

Wakatazama ng'ombe wa posta. Wakatazama nyani. Mke hakuwa akitazama, alikuwa akisubiri. Hatimaye fundi akaiweka mezani picha ya mabata, akaipapasa kwa kiganja.

"Na huyu hapa," akasema kwa madaha, "ndiye wewe."

Mke akainama. "Wapi?"

"Hapa." Kidole kikaweka ncha juu ya viatu vya hudhurungi.

Mke akaisogeza picha karibu na macho. Hata saa ya ukutani ilisita, au pengine ilikuwa imesimama tangu mwanzo.

"Na ile ya thelathini na sita?" mke akauliza.

"Iliharibika."

Hakuuliza imeharibikaje. Miaka ishirini ilikuwa imemfundisha picha zinavyoharibika. Hakimu alijaribu kukohoa, kikohozi kikageuka kicheko, na ndani ya kicheko mlisikika neno "mayai." Mke akainuka, akaichukua kamera msumarini, akauzungusha ukanda wa ngozi juu yake vizuri kama anayekunja shuka, akatoka. Walimsikia ng'ambo ya ukuta.

"Jirani, shika. Ni yako."

"Yangu? Kwa lipi, mama?"

"Kwa kujua kichwa."

Wiki iliyofuata ilikuwa ndefu. Fundi alifanya kazi bila kupiga mluzi. Ukutani, upande wa pili, alisikia kamera ikibofya: kinyozi alikuwa akipiga wateja wake mmoja mmoja, tena akiwaambia wasigeuke. Mke alipika chai, akaiweka mezani, akaenda kazini. Maneno yaliyopita kati yao yangetosha kwenye kiganja. Jumanne fundi akachukua viatu vya Hakimu. Akaingiza mkono koponi bila kutazama, akatoa karatasi, akailaza sura chini, akaweka kiatu juu yake, akachora kwa penseli, akakata. Gundi, karatasi, ngozi, nyundo mbili. Kazi safi. Hakimu akaja kuvichukua, akavijaribu, akatembea mpaka mlangoni na kurudi.

"Sasa naona nimepata kitu cha kukanyagia," akasema.

Ijumaa ikanyesha mvua ambayo, kwa wanaoikumbuka, ilibeba kuku na banda lake mpaka mtaa wa tatu, na kuku hakutoka. Hakimu ilimkuta njiani kwenda kuchukua dawa. Alipofika kwenye foleni, kiatu cha kushoto kilikuwa kimejaa maji. Akakivua, akakimimina. Soli ya ndani ikaachia, ikajikunja kama ulimi. Chini yake kulikuwa na jicho, nalo lilikuwa likimtazama.

Waliokuwa kwenye foleni wanasema hawajapata kusikia mwanamke wa umri ule akipanda sauti namna ile. Watatu walipewa nafasi ya mbele bila kuomba, kwa sababu wengine walikimbia.

Alifika kwa mdogo wake na kiatu kimoja mguuni na kimoja mkononi. Fundi alikuwa mezani anakunywa chai; mke alikuwa anakunja nguo. Hakimu akabwaga kiatu juu ya meza, katikati ya vikombe.

"Shemeji! Mimi nimekukosea nini? Umemweka mdogo wangu chini ya kisigino changu! Nimemkanyaga siku nne!"

"Umemkanyaga nani?" mke akauliza.

"Wewe! Tazama mwenyewe!"

Mke akaingiza vidole viwili ndani ya kiatu, akaivuta picha taratibu. Ilikuwa imekatwa umbo la unyayo, nyembamba juu, pana chini. Ndani ya umbo hilo alikuwamo yeye: kofia, utepe wa manjano, mdomo wazi kwa kicheko, meno yote, na pengo moja ambalo hakuwahi kulionyesha mtu. Nyuma yake, maji ya buluu na kipande cha mlima. Shavu moja lilikuwa na alama ya kisigino.

Akaitazama muda ambao chai ingeweza kupoa, na ikapoa.

"Na hilo nyuma," Hakimu akauliza, sauti imeshuka, "ni ziwa?"

"Hapana, dada. Ni beseni. Tuliliweka chumbani, tukala mayai pembeni."

Hakimu akavuta kiti, akakaa.

Mke akamgeukia mumewe. "Hii ndiyo ya thelathini na sita?"

"Ndiyo hiyo."

"Uliniambia imeharibika."

"Si imeharibika? Haina miguu."

"Nani alitaka miguu?"

Fundi akamtazama, na safari hii alimtazama usoni, jambo ambalo lilimchukua nguvu. "Sasa mtu bila miguu," akasema, "utamjuaje?"

Hakuwa anafanya mzaha. Hapo ndipo palipokuwa na tatizo lote, na mke akaliona. Fundi aliinuka, akaleta albamu, akaifungua mwanzoni, akaanza kuonyesha kwa kidole chenye gundi. Hakuonyesha wanyama.

"Mwaka wa mbuzi. Vyekundu hivi hapa, kisigino kirefu. Ulisema huumwi, lakini ona ulivyoegemea kushoto. Mwaka wa mbwa wa mapokezi, nilikutia soli mpya, unasimama sawasawa. Mwaka wa paka ulikuwa na haraka, mguu mmoja umenyanyuka. Hapa kwa punda umechoka; ulivivua, umesimama juu yake bila kuvivaa. Hivi vya hudhurungi nilikupasulia mwenyewe. Kila picha upo. Hakuna hata moja ambayo haupo. Mimi miaka yote nilishangaa mnanitafutia nini."

Mke akageuza kurasa. Chini ya kila picha palikuwa na mwandiko wake mwenyewe, *mbuzi hivi, punda vile*, na juu ya mwandiko, pembeni, viatu vyake, mwaka baada ya mwaka, kutoka virefu kushuka mpaka bapa. Hakulia. Hakuwa mtu wa kulia kwa sababu ya viatu. Ila alirudi ukurasa wa mbuzi mara ya pili.

Hakimu naye alikuwa ameinama na kioo chake. Akakiinua, akakishusha, akakiinua tena.

"Hivi vyekundu," akasema.

"Vimefanyaje, dada?"

"Navijua hivi. Ni vyangu! Uliniazima ukaniambia unavirudisha Jumatatu!"

"Basi unakubali nilisafiri?"

Hakimu akapangusa kioo chake. Akakiweka mezani. "Viatu vyangu vilisafiri," akasema. "Hilo nakubali."

Mke akavaa ndala, akatoka, akaenda ng'ambo ya ukuta. Kinyozi alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, anapangusa lenzi kwa taulo la shingoni.

"Jirani, nimekuja kuchukua kamera."

"Aa, mama! Kupewa ni kupewa. Tena nimeshaizoea. Njoo uone kazi." Akamwonyesha bahasha iliyotoka studio asubuhi ile. Picha thelathini na sita, visogo thelathini na sita, vimenyolewa vizuri, mstari umenyooka, na hakuna hata mwenye pua. "Huyu unamjua?" kinyozi akauliza kwa fahari.

"Nitamjuaje?"

"Mwalimu huyo! Ona alivyo na kovu dogo hapa. Mtu utamkosaje?"

Mke akashusha pumzi. Kisha akatazama chini, kwa mara ya kwanza kama mumewe anavyotazama. "Jirani, hicho cha kulia kimeanza kulika. Kinadai soli. Sijui utakipeleka kwa nani, maana mtaani hapa fundi ni mmoja, na ni mume wangu."

Kinyozi akatazama kiatu chake. Akatazama kamera. Akavua ukanda shingoni.

Kamera ikarudi msumarini. Ile picha ya umbo la unyayo mke hakuitia kwenye albamu. Alisema ikakae ukutani, juu ya meza ya chai, alama ya kisigino na yote. Fundi akaitundika, akarudi nyuma, akaitazama kwa mashaka. Usiku kucha haikumkaa sawa. Asubuhi akachukua ya thelathini na tano, ile ya mabata na viatu vya hudhurungi, akapima kwa macho, akaipigilia chini kabisa ya ukuta, karibu na sakafu, mahali ambapo miguu ya mtu ingetakiwa iwe. Kati ya picha na picha pakabaki ukuta mtupu, kiasi cha hatua moja.

Mke aliporudi kazini alisimama mlangoni akaitazama kazi hiyo. Hakusema ni nzuri. Alivua viatu, akavipanga chini ya mabata.

Hakimu alikuja Jumapili, na soli mpya ya boksi, kwa kuwa alikataa katakata karatasi ya picha. Akasimama mbele ya ukuta na kioo chake. Akakagua kofia. Akakagua ziwa. Akainama mpaka chini kukagua mabata, akahesabu kumi na wanane, akaandika alama ya vema hewani kwa kidole. Kisha akanyooka, akapitisha kioo juu ya ule ukuta mtupu wa katikati.

"Kichwa nimekiona," akasema. "Miguu nimeiona. Na kiuno je?"

"Kiuno mwakani," fundi akajibu, misumari midomoni. "Filamu ilikwisha."